Vazi la Askari Mwilini mwa Raia

Sare ya kijeshi ni vazi lililobeba kauli ndani yake, kwa maana kwamba anayeivaa huwa amekwisha kuwaambia wote wanaomwona, kabla hajafungua kinywa, kwamba nyuma yake ipo dola, kwamba silaha aliyonayo amekabidhiwa kihalali na kwamba amri anayoitoa anayo haki ya kuitoa. Ndiyo maana suala la raia kuvaa mavazi ya kijeshi, au yanayofanana nayo, haliishii katika mitindo, bali linagusa sheria, siasa, biashara ya mitumba na usalama wa mvaaji mwenyewe. Katika Afrika ya Mashariki suala hili hujadiliwa zaidi kwa upande wa katazo na adhabu, ilhali pwani ya Waswahili ina historia ndefu ya raia waliovaa kijeshi hadharani bila nia ya kumdhulumu mtu, na historia hiyo inastahili kukumbukwa kila mara sheria inapotajwa.

Vazi hilo lina sehemu mbili ambazo kazi zake zinapingana. Sehemu ya kwanza ni kitambaa, ambacho tangu karne ya 19 kimekuwa kikitengenezwa kwa lengo la kumficha askari. Rangi ya kaki ilianza kutumiwa na kikosi kimoja cha Waingereza huko Peshawar katika miaka ya 1840, ikaenea katika jeshi lote la Uingereza kufikia mwisho wa vita vya Makaburu vya 1899 hadi 1902. Wafaransa nao, ambao mwaka 1914 waliingia katika Vita Kuu ya Kwanza na suruali nyekundu zilizoonekana kutoka mbali, waliunda mwaka 1915 kikosi maalumu cha wachoraji wa kuficha mizinga na vituo vya ulinzi kwa rangi. Mabakamabaka ya vazi ambalo Watanzania huliita kombati yanatokana na jitihada hizo za kuyapotosha macho ya adui. Sehemu ya pili ni alama, yaani tepe za mkononi, nyota za mabegani, nembo ya kikosi kwenye bereti na kibandiko cha jina kifuani, ambazo kazi yake si kumficha mtu bali kumtambulisha. Katika majeshi yaliyorithi mfumo wa Kiingereza, likiwemo Jeshi la Wananchi wa Tanzania, koplo huvaa tepe mbili na sajenti tatu, luteni usu nyota moja, luteni mbili na kapteni tatu, hivi kwamba askari wawili wasiojuana kabisa, wanapokutana njiani, hujua papo hapo ni nani wa kumpigia saluti mwenzake. Kitambaa humficha askari machoni mwa adui, alama humdhihirisha machoni mwa wenzake na machoni mwa raia, na karibu mkanganyiko wote unaohusu raia na mavazi ya kijeshi unatokana na kuzichanganya sehemu hizi mbili kana kwamba ni kitu kimoja.

Sheria za kimataifa za vita zimejali alama kwa muda mrefu. Kanuni zilizowekwa The Hague mwaka 1907 ziliwataka wanamgambo na vikosi vya kujitolea wavae alama isiyobadilika inayotambulikana kwa mbali, ili wapate haki za mpiganaji halali, na Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977, iliyoongezwa katika Mikataba ya Geneva ya 1949, ikaimarisha kile wanasheria wanachokiita kanuni ya utofautishaji, yaani wajibu wa kila upande wa vita kumtenga mpiganaji na raia na kumlenga wa kwanza peke yake. Kanuni hiyo humlinda raia kuliko inavyomlinda askari. Mkulima au mwendesha bodaboda anayevaa koti la mabakamabaka katika maeneo yenye mapigano, mathalani Kivu na Ituri mashariki mwa Kongo ambako makundi yenye silaha huvaa sare za aina mbalimbali, bado ni raia mbele ya sheria, lakini machoni mwa mtu mwenye bunduki aliye umbali wa mita mia tatu ulinzi huo ameuvua mwenyewe.

Nguvu ya alama juu ya akili za watu haijapata kuonyeshwa wazi zaidi kuliko ilivyoonyeshwa na Wilhelm Voigt, fundi viatu wa Kijerumani aliyekuwa ametumia sehemu kubwa ya maisha yake gerezani, ambaye mwaka 1906 alinunua vipande vya sare ya kapteni kimoja kimoja katika maduka ya nguo kuukuu. Tarehe 16 Oktoba mwaka huo aliwasimamisha barabarani askari waliokuwa wakirudi kambini, akawaamuru wamfuate, nao wakamfuata bila kumwuliza hati yoyote, kwa kuwa walikuwa wamefunzwa kutii mabega na si uso. Akapanda nao treni hadi mji wa Köpenick, karibu na Berlin, akaweka walinzi katika milango ya ukumbi wa mji, akamkamata meya na mtunza hazina kwa tuhuma za ubadhirifu, akachukua zaidi ya marki 3,500 na kutia saini hati ya kuzipokea, kisha akaondoka na kuvua sare. Alikamatwa siku kumi baadaye na kuhukumiwa kifungo cha miaka minne, lakini Kaisari Wilhelm wa Pili alimsamehe mwaka 1908, na umma wa Ulaya ukalichukulia tukio hilo kama burudani. Jambo linalopaswa kuzingatiwa ni kwamba katika Köpenick hakuna aliyedanganywa na kitambaa. Lau Voigt angevaa koti lile lile la rangi ile ile bila alama za cheo, hakuna askari ambaye angegeuka kumfuata. Kilichowatiisha askari, polisi wa mji na meya ni madai ya mamlaka yaliyoshonwa juu ya koti.

Wakati Voigt akinunua vifungo na mikanda, sheria ya kuwazuia watu wa namna yake ilikuwa imekwisha kutungwa Uingereza. Sheria ya Sare ya mwaka 1894 ilikataza mtu asiye askari kuvaa, bila ruhusa, sare ya jeshi la Malkia au vazi lolote lenye mwonekano wake au lenye alama zake za kipekee, ikaweka adhabu kali zaidi kwa anayeivaa kwa namna ya kuitia dharau, na ikaruhusu uvaaji huo katika michezo ya jukwaani, katika kumbi za muziki na sarakasi, na katika maigizo ya kijeshi ya nia njema. Maneno hayo yalisafiri kwa meli hadi makoloni. Msomaji anayefungua leo Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, iliyoanza kutumika mwaka 1945, atakuta katika kifungu cha 178 katazo lile lile, na ndani yake msamaha ule ule wa kumbi za muziki na sarakasi, burudani za London ya enzi za Malkia Victoria. Kifungu hicho kimeongeza kosa la tatu, la kuingiza nchini, kuuza au kuwa na sare kwa ajili ya kuuza bila kibali. Lakini neno zito kuliko yote ni lile la "mwonekano", kwa sababu linatoka nje ya sare halisi na nje ya alama, na kuingia katika kufanana, na kufanana ni jambo ambalo kila jicho huliona kivyake.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1890, sheria hiyo ikiwa bado changa, vijana wa Lamu na Mombasa walianza kuvaa kijeshi kwa sababu zao wenyewe. Ngoma ya beni, iliyoigiza bendi za majeshi ya kikoloni kwa matarumbeta, madebe na ngoma za gwaride, ilienea pwani yote na kuwa, kama mwanahistoria Terence Ranger alivyoeleza katika kitabu chake cha mwaka 1975, mojawapo ya vyama vikubwa vya watu wa kawaida katika Afrika ya Mashariki ya wakati wake. Mombasa kulikuwa na Kingi na Skochi, na katika Tanga, Dar es Salaam na miji ya bara kukawa na Marini na Arinoti, vyama viwili vilivyoshindana kwa mavazi, kwa nyimbo, kwa karamu na kwa ukali wa gwaride. Wanachama walivaa sare, wakapeana vyeo vya jenerali, kanali na kapteni, na juu yao wakaweka mfalme au kaisari. Wanawake nao walikuwa na vyeo vyao. Mtu aliyekuwa kuli bandarini au mtumishi wa nyumbani siku sita za wiki, siku ya ngoma alipita mtaani kwa hatua za gwaride akiwa na upanga wa mbao na mabega yaliyopambwa, na watu wa mtaa wakasimama kumtazama.

Ni kosa kudhani kwamba beni ilikuwa mwigo wa watu waliostaajabia wazungu na kutaka kufanana nao. Cheo katika beni kilikuwa na kazi. Afisa wa chama alikusanya michango, alimpokea mgeni aliyetoka mji mwingine, alisimamia mazishi ya mwanachama asiye na ndugu na kumsaidia mgonjwa, na utii aliopewa ulitokana na wanachama wenyewe, si na serikali. Watu ambao mfumo wa kikoloni haukuwapa njia ya kupanda cheo walijitengenezea ngazi yao, wakachukua kwa ajili yake alama zilizokuwa zikionekana na kuogopwa kuliko zote katika zama zao. Vita Kuu ya Kwanza, iliyowatawanya askari na wapagazi kutoka Mombasa hadi Ziwa Nyasa, ikaisambaza ngoma hiyo mbali na pwani. Huko Nyasaland ikazaa malipenga na mganda, na katika machimbo ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini ikajulikana kwa jina la mbeni.

Serikali za kikoloni ziliona haraka kilichokuwa kikitendeka. Baada ya vita, maofisa wa Kiingereza walikusanya taarifa za siri kuhusu vyama hivyo, wakihofia kwamba mtandao wenye matawi katika kila mji, unaopashana habari na kutii amri za wakuu wasiotambuliwa na dola, ungeweza kugeuzwa kuwa mtandao wa uasi. Hofu hiyo ilipata nguvu wachimbaji wa shaba walipogoma mwezi Mei 1935, kwani tume iliyoundwa kuchunguza mgomo huo ililazimika kuangalia pia mchango wa chama cha mbeni katika kuwaunganisha wafanyakazi. Hapo ndipo fundisho la beni lilipo wazi zaidi: wanachama wake hawakujifanya askari wa mfalme, na hakuna aliyetozwa faini njiani na "jenerali" wa Marini akidhani ni jenerali wa kweli, lakini watawala waliogopa, si kwa sababu walidanganywa, bali kwa sababu waliona watu waliojipanga. Ni vyema pia kutambua kwamba msamaha wa sheria ya 1894, uliofikiria jukwaa, ukumbi na sarakasi, haukuwa na nafasi ya ngoma inayochezwa barabarani.

Waherero wa Namibia wanatoa mfano unaofanana na huo, ila wenye uchungu mkubwa zaidi. Baada ya majeshi ya Ujerumani kuwaangamiza kati ya mwaka 1904 na 1908, wanaume waliosalia walianza kuvaa sare za mtindo wa Kijerumani na kupeana vyeo katika vyama vyao vya gwaride, na walipomzika chifu wao Samuel Maharero huko Okahandja mwezi Agosti 1923 walikwenda kaburini wakiwa katika sare hizo. Mpaka leo wazao wao hukusanyika Okahandja kila mwaka wakiwa wamevaa hivyo. Aliyenyang'anywa nchi, ng'ombe na ndugu alilitwaa vazi la aliyemnyang'anya na kuligeuza kuwa vazi la kumbukumbu ya watu wake mwenyewe, na hakuna mwenye busara atakayeita jambo hilo udanganyifu.

Baada ya uhuru mpaka kati ya askari na raia haukuchorwa kwa mstari mmoja ulionyooka, hasa Tanzania. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa mwaka 1963, Jeshi la Wananchi likaundwa mwaka 1964 baada ya maasi ya Januari ya askari waliorithiwa kutoka kwa Waingereza, na kwa miaka mingi hadi 1994 wahitimu wa shule na vyuo walilazimika kupita katika kambi za mafunzo kabla ya kuingia kazini. Mwalimu, daktari na karani wa kizazi hicho wote waliwahi kuvaa sare ya kazi, kupiga kwata na kuchimba handaki, na kwao sare ilikuwa kumbukumbu ya ujana. Kwa hiyo katika nchi hiyo vazi la kijeshi halikuwa kitu kigeni kilichowatisha watu kutoka mbali, na huenda ndiyo sababu heshima kwa jeshi, pamoja na tamaa ya kufanana nalo, vimekuwa juu kiasi hicho miongoni mwa vijana.

Mtindo wa kimataifa umeiongezea tamaa hiyo uzito. Marekani, makoti ya kijeshi yaliingia mitaani kwa wingi katika miaka ya vita vya Vietnam, yakivaliwa na askari waliorudi na vijana walioipinga vita hiyo, kisha yakafuatwa na wanamuziki na viwanda vya nguo, mpaka mabakamabaka yakawa rangi ya kawaida kama bluu au kahawia. Nguo hizo zilipochakaa huko zilifungwa katika mabelo na kuletwa Afrika. Mwezi Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliwapa raia siku saba wasalimishe sare zake na mavazi yanayofanana nazo, likitaja kombati, makoti, kofia na hata mabegi, na kueleza kwamba baadhi ya watu walikuwa wakitenda uhalifu wakiwa wamevaa hivyo. Sababu hiyo ni ya haki na haipaswi kubezwa, kwani mwananchi anayesimamishwa usiku na watu wenye sare hana njia ya kuhakiki hati zao, na kila tukio la wizi linalofanywa kwa jina la jeshi humnyima askari wa kweli utii anaouhitaji siku ya hatari.

Uganda ndiko katazo la namna hii lilikojaribiwa kisiasa. Wafuasi wa vuguvugu la People Power, lililoongozwa na mwanamuziki na mbunge Robert Kyagulanyi, anayejulikana zaidi kwa jina la Bobi Wine, walikuwa wamefanya bereti nyekundu kuwa alama yao, na mwezi Septemba 2019 serikali ikatangaza katika gazeti lake rasmi kwamba bereti hiyo ni miongoni mwa mavazi ya jeshi. Chini ya sheria ya jeshi ya mwaka 2005, raia aliyekutwa na vifaa vya jeshi visivyoruhusiwa aliweza kushtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi, na mwezi Oktoba 2019 maofisa wa usalama walivamia ofisi za vuguvugu hilo jijini Kampala na kuchukua kofia hizo. Mwezi Januari 2025 Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kwamba kuwashtaki raia katika mahakama za kijeshi kunavunja katiba, ingawa miezi michache baadaye Bunge lilipitisha marekebisho yaliyorudisha uwezekano huo katika mazingira fulani. Ni vigumu kuamini kwamba kuna mtu Kampala aliyewahi kumdhania mfuasi wa Bobi Wine kuwa polisi wa kijeshi kwa sababu ya kofia. Hapa katazo liliondoka kwenye udanganyifu likafika kwenye kujipanga, hofu ile ile waliyokuwa nayo maofisa wa kikoloni walipoitazama beni.

Marekani imelazimika kulitenganisha jambo hili mahakamani. Mwaka 1967 kijana mmoja aliyeigiza mchezo wa kupinga vita mbele ya kituo cha kuandikisha askari mjini Houston alishtakiwa kwa kuvaa sare, kwa kuwa sheria iliruhusu waigizaji kuivaa ilimradi tu mchezo wao usilitie jeshi aibu. Mwaka 1970 Mahakama ya Juu ilimwachia na kulifuta sharti hilo, kwa hoja kwamba mwigizaji hawezi kuruhusiwa kusifu na kukatazwa kulaumu. Baadaye, mwaka 2012, mahakama hiyo hiyo ilibatilisha sheria iliyofanya uongo kuhusu nishani za kijeshi kuwa kosa peke yake, na mwaka uliofuata Bunge likatunga nyingine inayomwadhibu anayedai nishani kubwa ili apate fedha, mali au faida nyingine. Mstari huo una mantiki nzuri: kinachoadhibiwa ni kujipatia kitu kwa jina la cheo ambacho mtu hana.

Kwa kipimo hicho, sheria za Afrika ya Mashariki zingefaa kutaja makosa mawili tofauti. La kwanza, na zito, ni la yule anayevaa alama za cheo au nembo za kikosi akatoa amri, akasimamisha magari, akadai fedha au akaingia mahali asiporuhusiwa. La pili, ambalo lingestahili onyo na kunyang'anywa vazi na si zaidi, ni la kuvaa sare halisi ya jeshi la nchi bila kutenda lolote. Koti la mabakamabaka lisilo na alama, lililotoka katika jeshi la Ujerumani au Ubelgiji na kufikia soko la Karume jijini Dar es Salaam ndani ya belo, halipaswi kuwa kosa lolote, na bado hilo ndilo linalomtia hofu mfanyabiashara wa Ilala anayenunua belo lililofungwa bila kujua kilichomo, akalikata kamba mbele ya wateja na kukuta koti hilo juu ya lundo. Jeshi lingemsaidia mtu huyo, na askari polisi anayemkagua, kwa kubandika masokoni na katika ofisi za serikali za mitaa picha za mabakamabaka yake yenyewe, tepe zake na nembo zake, ili kila mmoja ajue kinachokatazwa kwa kukitazama na si kwa kukisia.